Jumamosi ya Kuzunguka Shamba

Mtaa mzima ulimwita Meneja, ingawa cha kusimamia hakikubaki ila nyumba moja kongwe yenye baraza ndefu, na kuku wachache wasiosikia amri.

Zamani ilikuwa habari nyingine. Babu yake alinunua pori akalifyeka mwenyewe. Baba yake akalipanda mahindi, akafuga ng'ombe wa maziwa, hadi jina la ukoo likawa ndilo jina la barabara ya kwenda huko. Baba huyo alikuwa mkali kama pilipili, na hakumwamini jirani yeyote. Kila Jumamosi asubuhi aliwatoa watoto wake nje, wakubwa kwa wadogo, wakalizunguka shamba lote kwa miguu, yeye mbele na panga lake, kuhakikisha hakuna aliyesogeza uzio. Kitindamimba wa msafara huo, mwenye viatu vilivyompwaya na maswali yasiyokwisha, ndiye Meneja wetu.

Wenzake walikua wakaenda zao. Yeye hakuolewa, wala si kwa kukosa wachumba. Walikuwepo, mmoja hata alikuwa na pikipiki. Alibaki kumuuguza baba, na baba alipofariki shamba likawa mikononi mwake. Hapo likaanza kumegwa, kipande hiki mwaka huu, kile mwaka mwingine, hadi nyumba za watu zikaja kubanana na baraza yake. Kwenye kila harusi na kila msiba wa familia watoto wa kaka zake walinong'ona kwamba shamba la babu lilimfia Shangazi mkononi.

Sasa likazuka jipya. Jirani yake, fundi cherehani, alimpigia simu mtoto wa kaka wa Meneja, mhasibu wa mjini. Alimweleza kwa upole, asije akasikia kwa wengine, kwamba shangazi yake bado analizunguka shamba kila Jumamosi, lile lile la zamani, akikatiza nyua za watu. Mhasibu akawapigia ndugu zake. Ndugu wakakubaliana kwamba Shangazi ameanza kuchanganyikiwa. Nyumba iuzwe, naye ahamie mjini, kwenye chumba cha uani kwa mhasibu. Mnunuzi alipatikana upesi, akaahidi kuja kuiona Jumamosi mchana.

Mhasibu alifika Ijumaa. Alimpenda shangazi yake kuliko alivyojua kusema, basi akasema vibaya, kwa mkato, utadhani anasoma hesabu za mwezi. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage. Alimwambia tu kesho asubuhi avae viatu vya kutembelea, mengine wangeyazungumza wakiwa njiani.

Kulipokucha wakatoka, na mhasibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwa fundi cherehani walipita wakiinama chini ya kamba ya nguo. Kinyozi alikuwa amejenga kibanda chake juu ya mpaka wenyewe, kwa hiyo waliingia mlango wa mbele wakatokea wa nyuma, ambao kinyozi alishautoa komeo mapema. Mteja mwenye povu kidevuni alikunja miguu kuwapisha, akamwamkia Meneja shikamoo, akarudi kwenye mazungumzo yake. Kila ua ulikuwa hivyo. Mhasibu aliyejiandaa kuomba radhi nyumba kwa nyumba hakumpata wa kumwomba.

Walipofika gereji, Shangazi alisimama kando ya gari lililonyanyuliwa, akapumua.

"Shangazi," mhasibu alisema polepole, "unajua lakini kwamba hapa si petu tena?"

"Nikose kujua vipi, na niliyeuza ni mimi?" Alicheka kidogo. "Hapa nilipauza hujaanza hata shule. Moyo wako ulikuwa na tundu, na baba yako hana kitu. Pale kwa kinyozi ni masomo ya uuguzi ya dada yako. Kwa cherehani ni harusi ya baba yako. Alitaka bendi, mjinga yule, ikala shamba lote la mahindi mpaka kwenye bomba la maji."

Mhasibu aliweka mkono kifuani. Kovu alikuwa nalo, lakini siku zote aliambiwa kwamba hospitali ilimtibu bure.

"Mbona hukusema? Watu wamekusengenya miaka yote hii."

"Niseme ili iweje? Mlikuwa watoto." Alimfuta mhasibu vumbi begani, kama vile bado ni mdogo. "Mmekua, mna kazi zenu, sina kinyongo. Lakini nikiwakumbuka, nina pa kwenda. Siji kulitazama shamba, baba. Nawatembelea nyinyi."

Fundi magari aliwaletea kiti cha gari kilichong'olewa, Shangazi akakaa. Hapo ndipo akatoa lililomkaa rohoni tangu jana yake.

"Nyumba nayo mkitaka kuiuza kwa ajili yangu, iuzeni, sitawazuia. Nauliza tu, Jumamosi nani atakuwa anapita pale kunitembelea mimi?"

Mhasibu alilia mbele ya mafundi wote, bila haya, na mafundi kwa adabu zao wakaingia wote chini ya magari.

Mnunuzi alifika mchana kama alivyoahidi. Mhasibu alimpokea getini, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamwambia nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe yumo ndani anapumzisha miguu.