Lita Moja ya Veneranda

Kiangazi cha mwaka 1973 Veneranda alikuwa na miaka thelathini na mmoja, dereva wa trekta katika kijiji kimoja cha ujamaa nje ya Mwandiga. Udereva alifundishwa na baba yake, aliyeendesha lori la misheni, na kijijini walishachoka kumshangaa.

Mwaka huo mafundi wa Kigoma walianzisha mashindano ya magari ya kuunga wenyewe: fremu ya chuma, kiti kimoja, injini iliyookolewa kwenye gari bovu, na magurudumu manne yakiwa wazi nje, bila bodi wala madigadi. Yalikuwa magari matano, na raundi nne, moja kila mwezi. Mshindi pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Veneranda aliunga lake kwa miezi miwili nyuma ya ghala la mahindi.

Raundi ya kwanza alishinda Hamdani, fundi wa karakana ya reli, mzaliwa wa Ujiji, mwenye mguu mzito kwenye mafuta. Veneranda akawa wa pili. Raundi iliyofuata gurudumu la Hamdani lilichomoka, akalisukuma gari kwa mikono mpaka mwisho na kupata nafasi ya tatu, Veneranda akashinda. Ya tatu ikawa kama ya kwanza. Pointi saba kwa saba.

Kisha petroli ikaadimika mji mzima. Mzee Leonardi, dereva mstaafu wa treni aliyekuwa mwamuzi, akawaita wawili hao.

"Shikamoo, mzee," Veneranda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nina lita mbili tu. Kila mmoja atapata moja. Mtaondoka Mwandiga kuelekea Ujiji. Atakayefika mbali zaidi ndiye bingwa."

Hamdani alicheka. "Mzee, haya ni mashindano ya mbio au ya kubana matumizi?"

"Ni ya kumaliza tulichoanza," mzee alijibu.

Veneranda hakukesha kwa wasiwasi. Jumamosi mchana alifungua kabureta, akaisafisha, akajaza upepo magurudumu mpaka yakawa magumu kama mbao, kisha akang'oa kila chuma kisichokuwa na kazi. Shambani dizeli ya kijiji ililetwa kwa pipa, na pipa likikauka kabla ya kulima kwisha, watu walirudi kwenye jembe la mkono. Miaka sita alikuwa akijifunza kutolikausha.

Jumapili asubuhi Hamdani alitangulia, vumbi likatimka. Veneranda aliondoka taratibu hadi watu wakamzomea. Kila alipofika mteremko alitoa gia, akazima injini, akaliacha gari liserereke lenyewe, upepo ukimpiga usoni na magurudumu ya mbele yakicheza mbele ya macho yake. Kwenye mlima aliiwasha tena. Mguu wake haukukandamiza mafuta.

Alimkuta Hamdani mtaa wa Mwanga, karibu na soko, amekaa juu ya tairi la gari lake lililozimika. Veneranda alimpita polepole, injini ikiwa imezimwa, akamwinulia mkono. Gari lake lilizimika wakati nyumba za kwanza za Ujiji zikiwa zinaonekana.

Hamdani alifika kwa miguu, jasho likimtiririka, akamkuta Mzee Leonardi aliyekuwa akiwasubiri upande wa Ujiji. "Mzee, huyu alizima injini! Hiyo siyo kuendesha!"

"Nilisema nani atafika mbali," Mzee Leonardi alisema. "Sikusema injini ingurume."

Hamdani alilizunguka gari la Veneranda mara mbili, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Hakumpa mkono siku ile.

Wiki ya pili alipanda mpaka kijijini, akamkuta chini ya trekta. "Dada Veneranda, malori yetu ya reli yanakunywa dizeli kama maji. Njoo uwaonyeshe madereva."

Alikwenda, akiwa na ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Madereva kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi, wengine wakinong'onezana, naye akaanza na upepo wa matairi. Mashindano hayakurudi mwaka uliofuata. Fremu yake aliikata, akatengenezea tela la kubebea mihogo.