Sufuria Mbili

Kwetu huku, mtu akija kwenye harusi yako akaondoka bila kula, amemalizana na wewe. Hakuna kesi, hakuna maelezo. Ndiyo maana nyama ya harusi ya binti yangu wa kwanza ilinisumbua kuliko bwana harusi mwenyewe.

Mimi ni Mpokomo wa mto, mkulima, Mkristo. Nilisoma madarasa matatu tu. Duka langu la Minjila nililisimamisha kwa ndizi, na sikusaidiwa na mtu. Hapo nasema uongo. Alinisaidia mmoja, Muorma, mfugaji wa ng'ombe, Mwislamu. Yale mafuriko makubwa yalipokuja niliwavusha watoto wake kwa mtumbwi, naye akatunywesha maziwa mimi na nyumba yangu mpaka maji yakashuka. Na kila nilipokuwa na shughuli ya kuchinja, kisu alishika yeye. Wazee wetu walifanya hivyo: achinje Mwislamu, wale wote. Kama hiyo ni dini au ni mila, hakuna aliyeuliza.

Mwaka ule tulikuwa na mchungaji mpya, mtu wa bara, wa huko milimani. Alikuja dukani akakaa juu ya gunia.

"Mzee, nyama iliyosomewa dua ya wengine utawalisha watu wa kanisa?"

"Nimeila miaka yangu yote. Imenifanya nini?"

"Hiyo ni mila tu, mzee. Si dini. Ndoa nitafungisha, lakini nyama hiyo sitaigusa."

Wakwe zangu walikuwa watu wa kanisa. Mchungaji akikataa chakula, nao wangekikataa. Basi nikatafuta mafahali wawili. Mmoja alichinjwa na mzee wa kanisa, mwingine na rafiki yangu. Sufuria mbili, moja huku, moja kule, nyua zikiwa zimetengana. Nilijiona nina akili kuliko mchungaji na shehe wakiwekwa pamoja.

Kitu nilichosahau ni dada yangu. Yeye ndiye mkuu wa jiko katika ukoo wetu, na tangu azaliwe hajapika harusi ya sufuria mbili. Alionja chumvi kwenye sufuria ya kanisa, akaja na upawa uleule akakoroga ya Waorma. Mdogo wake rafiki yangu alikuwa amesimama hapo.

"Mama, upawa huo umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye nyama. Ulitaka utoke msikitini?"

Watu walicheka. Waorma walikuwa sita. Walikuwa wameshanawa, wakaipangusa mikono yao kwenye shuka.

Nilimfuata rafiki yangu mkekani.

"Umeniharibia, Mpokomo."

"Nimeharibu. Lakini mke wangu amekaanga kambare, kikaango chake na mafuta yake. Samaki hachinjwi. Dini yako haina neno naye."

"Dini haina neno," akasema. "Mwenye neno ni babu yangu."

Nilijua. Wafugaji hawa humwita samaki nyoka wa maji, na anayenuka samaki hashiki kibuyu cha maziwa. Nilipokuwa kijana nilibeba magunia kwa Mhindi mmoja Malindi, ambaye hakuruhusu hata yai liingie dukani mwake, na nilimcheka sana. Siku ile sikuwa na cha kucheka. Mtu aliyeninywesha maziwa alikuwa anavaa viatu.

Mchungaji alikuwa amesogea kusikiliza. Akaniinamia. "Mwambie hiyo ni mila tu, mzee."

Rafiki yangu alisikia. Akaacha viatu.

"Mchungaji, kwenu milimani mnakula samaki?"

Mwaka mzima mchungaji alikuwa amekaa mtoni, na kila akiandaliwa samaki tumbo lilikuwa linamsumbua. Sote tulijua tumbo lile.

"Kwa kweli, kwetu hapana."

"Dini imekukataza?"

"Hapana."

"Basi kaa. Tule mila."

Mke wangu alileta sahani moja. Mchungaji alikaa mkekani na suti yake, kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama. Rafiki yangu alisema bismillahi, mchungaji akafumba macho akasema yake, wakamega. Muorma alimeza bila kutafuna. Mchungaji alitafuta miiba mpaka samaki akapoa. Wale watano wengine hawakugusa, wakanywa chai, lakini mkubwa wao alikuwa amekula kwangu na hiyo ilitosha.

"Mke wangu hatanipa kibuyu wiki nzima," rafiki yangu aliniambia wakati wa kuaga. "Maziwa nitakuja kunywa hapa, na utayanunua wewe."

Alikuja siku tano.

Nilipomwoza mdogo wake binti yule, nilichinja fahali mmoja. Kisu alishika Muorma, na dada yangu alikuwa na sufuria moja. Mchungaji hakuuliza kitu. Alikula wali na maharagwe, akasema tumbo linamsumbua, nami nikamwongeza maharagwe.