Risiti ya Zawadi

Mama alipostaafu ualimu Thika, alikodi chumba Ruiru, si mbali na stesheni ya treni, akafungua saiba. Aliweka kompyuta sita na mashine ya kuchapisha, akanipa mimi kazi moja: nichague ruta ya kusambaza intaneti.

"Wewe ndiye umesoma," alisema. "Chagua. Lakini usikae ukichagua mpaka Krismasi."

Alinijua. Kampuni ya intaneti ilitaka kutupa ruta ya bure, nikauliza kwa nini ni ya bure. Muuzaji mmoja wa Thika akaniambia ruta yake inapenya kuta tatu. Nikamuuliza kuta za nini, za mawe au za mbao, na ni nani aliyepima.

"Boss," akasema, "unanunua ama unafanya utafiti?"

Nilikuwa nafanya utafiti. Niligundua kwamba kasi inayoandikwa kwenye boksi ni ya chumba kitupu, na kwamba kwa biashara jambo kubwa ni vifaa vingapi vinaweza kuvuta mtandao kwa pamoja kabla ruta haijazidiwa. Sisi tulikuwa na kompyuta sita, mashine ya kuchapisha, na simu ya kila anayesubiri foleni. Niligundua pia kwamba wingi wa antena ni urembo tu mara nyingi. Mwishowe nikaagiza kidude cheusi, cha mraba, kisicho na antena hata moja, chenye uwezo wa kutenga mtandao wa wateja na wetu. Nilikifunga mwenyewe ukutani. Nilijivunia sana.

Kisha akina mama wa kanisa wakaleta itega.

Itega ni zawadi ambayo wanawake huichangia pamoja na kumpelekea mwenzao kwa wimbo, akijifungua au akianza jambo jipya. Walikuja Jumamosi mchana, wakajaa saiba mpaka mlangoni. Mbele yao alikuwa mweka hazina wao, jirani yetu wa Kiganjo, kule Thika. Baba alipofariki, mama huyu alihamia kwetu na blanketi lake, akalala chumba kimoja na Mama mpaka Mama akaweza kulala peke yake. Mimi humwita Tata, kama shangazi. Rafiki mwingine wa kiasi hicho Mama hana.

Alikuwa amekumbatia boksi lililofungwa kwa karatasi ya maua.

"Tumeambiwa saiba haiwezi bila hii kitu," akasema. "Na inaitwa ruta!"

Wakaangua kicheko, kwa sababu ruta kwa Kikuyu ni toa.

"Jina lenyewe ni amri," akaendelea. "Ruta! Na sisi tukatoa."

"Tungekataa aje," mmoja akadakia, "na kila Jumapili ni hiyo tu tunaambiwa?"

Mama akaniashiria nifungue. Ndani mlikuwa na ruta nyeupe yenye antena nane zilizosimama kama miguu ya kaa aliyepinduliwa.

"Haiya! Ona masikio!"

"Hiyo itasikia mpaka Nairobi."

Niliifahamu aina hiyo. Nilikuwa nimeikataa katika utafiti wangu: ni ya nyumbani, watu wakizidi kidogo inakwama. Nikaona pia kwamba boksi lilikuwa limeshafunguliwa, likafungwa upya kwa selotepu. Nikaligeuza huku na huku. Akina mama walikuwa wakingoja shukrani.

Nikasema, "Risiti iko?"

Nilitaka waranti. Nilitaka kujua kama tunaweza kuibadilisha kwa nyingine iliyo afadhali. Hayo ndiyo niliyomweleza Mama baadaye, na ni kweli. Lakini nilipoiona ile selotepu niliwaza pia jambo jingine: wamechanga ngapi, na boksi lililofunguliwa huuzwa ngapi? Mimi hufikiria hivyo kuhusu kila mtu, na kwa muda mrefu nimeiita tabia hiyo akili.

Humo ndani hakuna aliyesikia waranti. Kwa akina mama hawa, mweka hazina huombwa risiti kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, watu wakiwa wameketi, baada ya maombi. Ukimwomba risiti zawadi ikiwa mkononi, mbele ya waliochanga, umemwita mwizi.

Tata aliweka mkoba wake juu ya meza na kuanza kutafuta. Alitoa kitabu cha nyimbo, miwani, leso, vidonge vyake vya presha.

"Iko hapa," akasema. "Ilikuwa hapa."

"Achana nayo, mami," mmoja akamwambia.

Mwingine hakusema achana nayo. Alisogea, akachungulia ndani ya mkoba. Nikimkumbuka huyo aliyechungulia, uso wangu hupata moto, maana mimi ndiye niliyemfungulia njia. Mama akaanzisha wimbo. Wakaitikia, lakini soda zilinywewa haraka haraka, na keki ikabaki.

Walipoondoka Mama alianza kukusanya chupa.

"Ulikuwa unataka nini?"

"Waranti."

"Ungeniambia mimi. Ningemuuliza tukiwa wawili, jikoni, akichagua mchele."

Kilichofuata nilikifanya kwa nia njema, nacho ndicho kinachoniaibisha zaidi. Nilienda Thika kwenye duka lililokuwa na kibandiko chake kwenye boksi. Muuzaji alimkumbuka Tata: yule mathe aliyekataa kuondoka mpaka ruta iwashwe aone taa. Ndiyo maana boksi lilifunguliwa. Akanichapishia nakala ya risiti. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikaenda Kiganjo nimeshika ile karatasi kama mtu anayepeleka dawa.

Tata alinikaribisha, akanimiminia chai.

"Na hii chai," akasema, "utataka risiti yake?"

Alicheka kweli. Mimi sikuweza. Nikaweka karatasi mezani, nikasema nimethibitisha, kila kitu kiko sawa.

Hakuigusa. "Hiyo ni yako. Wewe ndiye uliitaka."

"Nitaipeleka kanisani, Tata. Niwaonyeshe wote."

"Uwaonyeshe nini? Kwamba ilibidi nichunguzwe?" Akaongeza sukari kwenye kikombe changu bila kuniuliza, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto. "Nimewaambia watafute mweka hazina mwingine. Pesa ya watu inataka mtu ambaye hajawahi kuulizwa."

Chuo kikuu nilishinda midahalo mingi. Nikanywa chai.

Hatujakosana naye, ukitutazama kwa mbali. Anatusalimu. Lakini zamani, kabla hata saiba haijafunguliwa, alikuwa ameshamuahidi Mama kwamba kila programu ya mazishi na ya harusi ya kanisa lao itachapishwa kwetu. Wiki iliyopita alipita mbele ya saiba na karatasi mkononi, zimeandikwa kwa kalamu, picha ya marehemu ikiwa imebanwa juu. Mama akatoka mpaka barabarani, akamwita. Walisalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za magoti. Tata akasema anaharakisha. Kisha akavuka, akaingia saiba ya upande wa pili.

Mama alirudi, akaketi kwenye kiti chake. Alipokea pesa za mteja mmoja, akangoja aondoke.

"Toa hiyo yako," akaniambia. "Weka yao."

Nikaanza kumweleza kwamba ile haitaweza saa za mchana watu wakijaa, kwamba itakwama, kwamba wateja watalalamika.

"Watalalamika kwangu," akasema.

Nikapanda juu ya kiti, nikaanza kuchomoa nyaya.