Nyumba ya Harusi Katika Ua wa Duka

Siku hizi mtu akijenga Garissa huanza na mbele: vioo, vigae, jina kubwa la rangi. Baba yangu alianza na nyuma. Kabla hajapima chumba cha duka alipima mlango wa ua, upana wa ngamia mwenye mizigo pande zote mbili, kisha sehemu nyingine zote za jengo zikaufuata mlango huo. Mbele tulitazamana na barabara na ofisi za serikali. Nyuma tulitazamana na pori, na riziki yetu ilitoka huko.

Kuta zilikuwa za matofali mabichi ya udongo wa mtoni, zikapakwa chokaa iliyotoka Wajir, nyeupe hata ukizitazama saa sita ya mchana macho yanauma. Nguzo za baraza zilikuwa vigogo vya mikoma. Paa lilikuwa la mabati, na mabati yale yalikuwa karibu kitu pekee katika jengo zima kilichotoka kiwandani. Nililipenda jengo lile kuliko nilivyowapenda watu wengi wa ukoo wetu, na sioni haya kusema hivyo.

Katika ghala la uani wafugaji waliacha amana zao. Mtu akihama kufuata mvua alituachia asichoweza kubeba, na akirudi alikikuta, bila kutozwa chochote. Duka lilipata wateja wake kwa njia hiyo. Ndiyo njia hiyohiyo iliyotuponza vita vilipoanza. Walikuwako watu waliotaka mkoa wetu ujitenge na Kenya, wakashika bunduki wakaingia porini. Askari wakaja kuwasaka, na machoni pao kila aliyetoka porini alikuwa shifta, na kila aliyemwekea kitu alikuwa mlishaji wake. Majirani zetu walikuwa wameshafungiwa maduka. Baba alijua kuwa letu likifungwa, hatuna mahali pengine pa kushika.

Miongoni mwa amana hizo ilikuwamo aqal moja, ile nyumba yetu ya kuhama nayo, ya miti iliyopindwa na mikeka. Ilikuwa ya binti wa dada yake mama. Kwetu nyumba ni ya mwanamke: mama yake na dada za mama yake huisuka kwa ajili ya harusi yake, na akiolewa huondoka nayo juu ya ngamia. Mama yangu alisuka nusu ya mikeka ile kwa mikono yake. Harusi ilikuwa ifanyike Balambala, lakini njia zikafungwa, na nyumba ikabaki ghalani ikimngoja mwenyewe.

Askari walikuja asubuhi. Baba alitolewa nje, akakalishwa chini kando ya lori lao, na mlango wa mbele ukafungwa nyuma yake. Mkubwa wao akaamuru vyote vilivyo ghalani vitolewe uani. Walipofika kwenye miti na mikeka na kamba, akauliza hema hizo ni za nani.

Mama angeweza kujibu kwa neno moja akanyamaza. Lakini alikuwa mwanamke wa kwao hasa, na kwa mwanamke wa kwetu aqal iliyolala chini ni kuni tu. Akaomba ruhusa aisimamishe, ili yule bwana aone kwa macho yake kuwa ni nyumba ya bibi harusi. Bwana akacheka, akawasha sigara, akamruhusu.

Mama alichimba mashimo kwa chuma cha kufungulia makreti, mimi nikashika miti, yeye akafunga. Askari walikaa kivulini wakitutania. Jua lilipanda, naye hakupumzika wala kupunguza chochote. Mikeka mizuri aliiweka mahali pake, vibuyu vya maziwa akavitundika, na ndani akatandika kitanda, kwa sababu nyumba ya bibi harusi haionyeshwi tupu. Ilipokamilika alirudi nyuma hatua chache akaitazama. Alifurahi. Miaka yote hii ndiyo furaha inayonichoma, ile ya mama yangu mbele ya wale watu.

"Hii nyumba ya arusi, afande," alisema. "Wallahi, hakuna mutu nalala haba."

Mkubwa aliinama akaingia. Alipotoka hakuwa akicheka tena.

"Kitanda kimetandikwa," alisema. "Kama hakuna mgeni, mbona mmemwekea nyumba?"

Aqal ilichomwa palepale uani. Baba alipakiwa kwenye lori. Kabla ya jioni mabati yote yalikuwa yameng'olewa, nasi tukahamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, tukae na watu waliokuwa wameuliwa ngamia wao. Binti mwenye nyumba hatukumwona tena, na mama hakuthubutu kuuliza habari zake. Mvua ziliponyesha, udongo uliokosa paa ukafanya udongo ufanyavyo. Niliporuhusiwa kwenda mjini nilikuta kichuguu chenye madoa meupe, na mbuzi wa watu wamesimama juu yake.

Mama aliamini kuwa yeye ndiye aliyeliua duka. Hakulisema neno hilo mara moja wala mbili. Alilisema akipika, akisuka, akimaliza kuswali kabla hajanyanyuka. Watu walimfariji wakachoka. Mimi pia nilichoka, na nilimkasirikia kwa kunichosha.

Baba alirudi vita vilipokwisha, amekonda, sikio moja halisikii. Mama hakumwacha hata anywe chai. Alimweleza yote mbele yetu: miti, vibuyu, kitanda. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, amemgeuzia sikio zima. Kisha akasema kwamba siku ile, alipokalishwa kando ya lori, aliona kilichokuwa ndani yake.

"Walikuja na ngazi na mitaimbo," alisema. "Mtu anayekuja kukagua ghala anataka ngazi ya nini?"

Nilidhani sasa mama atapumua. Nilitamani sana apumue. Alijifunika uso kwa ncha ya shuka, akalia kilio ambacho hata siku ya mabati hakukilia.

"Afadhali lingekuwa kosa langu," alisema. "Kosa ningeweza kutolifanya."