Tuta Lisilolala Tupu

Mgeni aliingia uani kinyumenyume, akiburura begi lililomzidi umbo, huku akibishana na dereva aliyemshusha kona isiyo yake. Kiswahili chake kilikuwa na vipande vya lugha za kwingine, kama shati lililotiwa viraka vya vitambaa vitano. Dereva alipokwisha kuondoka, mgeni aligeuka akaangaza macho: kamba za nguo, ngazi ya saruji, mapipa ya maji, milango inayotazamana. Akashusha pumzi ya mtu aliyefika. Akatua begi.

Akalitua juu ya saladi.

"Wee!" Mama Pindo alichomoka chumbani kwake, tepu shingoni na mkasi mkononi. "Toa! Toa hilo jabali lako!"

Begi likatoka. Chini yake miche ya saladi ilikuwa imelala chali, imebanwa udongoni kama iliyopigwa pasi.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni benchi."

"Benchi lenye majani?"

"Nimesafiri tangu juzi, mama. Hata mlango ningeuona benchi."

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mama Pindo, akiinua mche mmoja kwa ncha ya mkasi. Shina lilikuwa limevunjika. "Wewe umekuja mwenyeji augue."

Jirani aliyepanga chumba cha karibu na geti, fundi pikipiki waliyemwita Spana, alitokeza akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alichungulia ile kona ya tuta, akatikisa kichwa kwa huzuni ya msiba wa kuazima.

"Pole sana, jirani. Naona hapo pameshakuwa wazi."

"Wazi ni kinywa chako," alisema Mama Pindo. Lakini aliisogelea ile kona haraka.

Ua ule ulikuwa na sheria moja. Mwenye nyumba, mjane asiyependa kuamua kesi, aliwaambia wapangaji wake zamani: palipo na kitu pana mwenyewe, palipo patupu ni pa atakayewahi. Ukianika nguo kila siku, kamba ni yako. Ukiiacha, usishangae kukuta blanketi la mtu.

Mama Pindo, fundi cherehani ambaye wateja walimpa jina hilo kwa sababu hakubali nguo itoke kwake kabla pindo halijakunjwa mara mbili, alijipatia kipande chake kwa sheria hiyohiyo. Magoti yake yalikuwa yamegoma kuinama, basi akaliinua shamba limfuate kiunoni. Alipigilia mbao za kitanda chakavu juu ya matofali, akajaza udongo na samadi, beseni baada ya beseni. Maisha yake yote alikuwa amekaa kwa watu: kwa mjomba, kwa mume, kwa mkwe. Tuta hilo lilikuwa la kwanza kuliita pangu.

Akalitia mchicha, wote kwa siku moja, kona hadi kona. Hapo ndipo alipokosea. Mchicha ulikomaa wote pamoja, kama wanafunzi waliopigiwa kengele. Ua mzima ukala mchicha, ukagawiwa mchicha, ukaukimbia mchicha. Spana akaapa kwamba akijikata, damu itatoka ya kijani. Ulipokwisha, ulikwisha wote. Asubuhi iliyofuata, juu ya theluthi moja ya tuta, palikuwa na injini ya pikipiki inadondosha oili.

"Hapo palikuwa na nini?" mwenye nyumba aliuliza.

"Udongo."

"Udongo si kitu, mwanangu."

Mama Pindo hakulia wala hakulumbana. Aliusogeza ubao wa mwisho ndani mwenyewe, tuta likafupika, akapigilia misumari kama anayempigilia mtu, akaapa kwamba udongo uliobaki hautaona jua tena.

Na haukuliona. Alijifunza kupanda kwa kupishana, kama zamu za kiwandani. Kabichi ni mzito, hukawia. Basi katikati yake alitia figili, ambaye huja mbio, akaliwa na kuondoka kabla kabichi hajatanua mabega. Mchicha, Mama Pindo alianza kuuchuma majani tu, shina likaendelea kuchipua, na mpaka lizeeke alikuwa ameshaandaa wa kumrithi. Chini ya ngazi aliweka kitalu ndani ya sufuria lililotoboka, na humo siku zote mlikuwa na miche inayongoja kuitwa.

Sasa alikuwa anaondoka. Binti yake alikuwa apasuliwe ili ajifungue, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuguza. Gari lilikuwa limchukue kesho asubuhi, na kurudi kusingekuwa karibu. Alikuwa amepanga kila kitu kijiendeshe: mwenye nyumba angemwagilia, saladi ingefunika kona yake, miche ya vitunguu iliyo kitaluni angeichomeka huyohuyo mwishoni, mchicha utakapochoka.

"Mama, achana na hizo mboga," binti alimwambia kwa simu jioni ile. "Nitakununulia sokoni."

"Sokoni wanauza na pa kurudi?"

 Binti akauliza, kwa sauti ndogo, "Lakini unakuja?"

"Nakuja. Umeniona lini nimeshindwa kuja?"

Alikata simu, akaitazama ile kona. Akipeleka vitunguu pale sasa, mchicha ukichoka hautakuwa na mrithi. Akiacha pale wazi, kesho hiyohiyo Spana ataleta injini. Aliigeuza hesabu kama mtu mwenye kitambaa kifupi na mteja mnene, na kila alipokata, palipungua. Mpango wote ulikuwa mzuri kwa sababu haukuhitaji mtu wa kufundishwa. Sasa ulimhitaji.

Akapanda ngazi akagonga mlango wa chumba alichopanga mgeni.

"Umeshawahi kupanda kitu?"

"Kupanda ndege, meli, ngamia."

"Toka nje."

Walipandikiza vitunguu kabla giza halijaingia. Mama Pindo alitoboa mashimo kwa kijiti, mgeni akatumbukiza miche iliyo myembamba kama sindano. Mingine aliiweka kichwa chini, ikang'olewa, ikarudiwa. Spana alikuja kusimamia bila kuitwa.

"Hizo ni mboga au ni nywele?"

"Zingekuwa nywele, wewe mwenye kipara ungeziheshimu," alisema Mama Pindo.

Kisha akamwonyesha mgeni mchicha. Ukianza kutoa maua, asiung'oe. Achomeke maharage katikati ya mashina, mawili kila shimo, shimo la kina cha pingili mbili za kidole. Mpaka maharage yainue vichwa, mchicha usimame hapohapo hata kama umekuwa mti. Ndipo aukate usawa wa udongo, auache mzizi uozee.

"Kwa nini nisiung'oe mapema, pawe pasafi?"

"Pasafi!" Mama Pindo alimshika mkono. "Mwanangu, neno hilo lisitoke tena mdomoni mwako. Hapa tunataka pachafu."

Mgeni alirudia maelekezo yote, akachanganya maharage na figili, akasahihishwa, akarudia. Mama Pindo alimsikiliza kama anavyokagua mshono: anavuta hapa, anavuta pale, aone kama utafumuka. Ulikuwa unafumuka kidogo.

"Na nikikosea, mama?"

"Utakosea. Panda tena. Bora mche uliokosewa kuliko udongo mtupu."

Asubuhi gari lilifika likiwa na haraka zake. Mama Pindo alibeba kikapu cha nguo za mtoto alizozishona mwenyewe, akaligusa tuta kwa kiganja, akapita getini. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari aliposikia chuma kikiburutwa uani.

"Naiegesha kidogo tu hapa pembeni," sauti ya Spana ilisema. "Hapa hamna kitu."

"Kipo," ilisema sauti ya mgeni, bado nzito kwa usingizi.

"Kipo nini?"

 Mama Pindo alishika mlango wa gari. Vitunguu, alitaka kupaza sauti. Sema vitunguu!

"Jina limenitoka," mgeni alisema. "Lakini nimekipanda mimi, na siondoki hapa. Sogeza."

Chuma hakikusogea. Dereva akapiga honi. "Mama, tunakwenda au hatuendi?"

Kule alikokuwa akienda, mtu alikuwa anahesabu saa. Mama Pindo alisikiliza pumzi moja zaidi. Ndani, wawili wale walianza kubishana kwa sauti, mgeni akitumia maneno ambayo hakuna aliyeyajua uani pale, na Spana akiuliza kila moja maana yake.

"Tunakwenda," alisema, akavuta mlango.