Kigodoro Kinachonyoosha Mgongo

Mwaka ule fasheni ya vigodoro vya kufungwa nyuma chini ya gauni iliporudi mjini Nottingham, Uingereza, vikiwa vikubwa kuliko vya kwanza, hakuna mwanamke wa heshima aliyetaka kuonekana amekuwa bapa. Sisi wauzaji wa duka la nguo tulivicheka tukiwa peke yetu. Bibi mzima anaburuta makalio ya bandia chini ya gauni, anapita mlangoni kiupande, kisha anakuambia anajisikia vizuri!

Kisha kikaja cha aina mpya, cha vyuma vyembamba na bawaba. Ukikaa kinajikunja, ukisimama kinafumuka chenyewe. Wateja hawakuamini. Msimamizi wetu, Bwana Purdey, akaweka kiti katikati ya duka, akamchagua mwenzetu Kezia Allsop kwa sababu ya kiuno chake chembamba. Kazi yake ikawa kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, tangu milango inafunguliwa mpaka taa za gesi zinawashwa. Bibi akiuliza, ajibu, "Hata sikisikii, bibi."

Kezia alikuwa yatima wa mchimba makaa, mcheshi, hana ndugu hata mmoja. Wote tulilala juu ya duka. Ukifukuzwa, umekosa kazi, kitanda na mkate kwa mpigo, na bila barua ya sifa kutoka kwa msimamizi hakuna duka jingine litakalokupokea. Hilo Kezia alilijua vizuri.

Haukupita muda mrefu, bawaba moja ikalegea na ncha ya chuma ikatoboa kitambaa. Kila alipokaa ilimchoma pale pale, juu kidogo ya kitako. Nilikuwa namwosha kidonda kwa maji ya siki.

"Shoga, kinatoa usaha hiki. Mwambie Purdey."

"Nimemwambia. Kasema chuma hakina kosa, mwili wangu ndio mbovu."

"Basi kikatae kiti!"

"Nikalale wapi? Mwenzangu, ninyi mnasimama kutwa, mimi nimepewa kiti kama malkia. Niacheni nifaidi."

Alicheka mwenyewe. Mimi nilishindwa.

Siku moja akaja Bibi Wetherell, mke wa mwenye kiwanda cha lesi, na binti yake Lavinia. Mtoto alikuwa mwembamba, na bega moja limepanda juu kuliko jingine kwa sababu mgongo wake ulikuwa umepinda. Mama yake alitaka kumvalisha kigodoro ili kule kupinda kusionekane. Kezia akakaa, akasimama, akatoa maneno yake ya kila siku. Lavinia akamtazama usoni, akamuuliza polepole, "Kweli hakiumi?"

Purdey alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Kezia alimtazama yeye, akamtazama mtoto. Nilijua anapima nini, na moyoni nikamwomba adanganye.

"Kinauma, mdogo wangu," akasema. "Kinauma sana. Bibi, nakusihi, usimvalishe. Mgongo wake hautakiweza."

Purdey hakupaza hata sauti. "Panda juu ukafunge virago. Barua ya sifa usiiulizie."

Kezia akaondoka akichechemea. Purdey akaanza kuomba radhi, lakini Bibi Wetherell akamkatiza.

"Kumbe kinauma? Mbona hamkusema mapema? Mimi nilidhani ni kitu cha mchezo! Mama yangu alinifunga ubao mgongoni nikiwa mdogo kuliko huyu. Nililia mpaka nikazoea, na nitazameni nilivyonyooka. Kisichouma hakinyooshi mtu. Nifungieni viwili, kimoja awe anabadilishia."

Lavinia akaanza kulia. Aliyefunga kile kifurushi ni mimi, na kamba ile nilitamani kumfunga nayo yule mama mdomo.

Kezia alibisha hodi kila duka akitafuta kazi, asipokelewe. Homa ilipomzidi wakampeleka nyumba ya mafukara, wodi ya wagonjwa. Nilipata ruhusa ya kwenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Asubuhi hiyo hiyo kanisani nilikuwa nimemwona Lavinia. Alikuwa amevalishwa kigodoro, amekaa kwenye ukingo wa benchi, ameushikilia kwa mikono miwili, midomo imemtoka rangi, na mama yake anampa ishara ainue kidevu.

Kezia alilazwa kifudifudi, maana mgongo haukugusika. Uso ulikuwa wa manjano. Muuguzi alinionya kwamba sumu imeshaingia kwenye damu, nisimchoshe.

"Yule mtoto," Kezia akanong'ona. "Walimnunulia?"

Nikamshika mkono.

"Thubutu! Mama yake alimshika mkono wakatoka mbio. Purdey alibaki ametumbua macho kama chura."

Akatabasamu ndani ya mto. "Basi ndugu yangu, nimeokoa mmoja."

"Umeokoa," nikasema, na nikaendelea kusema hivyo mpaka alipolala.