Bawabu Aliyepaswa Kufa

Pale ofisi ya maji, kwenye dirisha la malalamiko, watu walimwita Karani, na jina hilo likamfuata hata nje ya kazi. Alikuwa binti mpole, wa kusema maneno mawili na kumeza la tatu. Mteja akija na ghadhabu zake, Karani alimjibu kwa sentensi alizokwisha kuzitunga kichwani tangu asubuhi. Akiulizwa jambo lisilokuwemo, ulimi uliganda na masikio yakawaka moto.

Ajabu ni kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo wa hadithi. Kila Jumamosi alasiri, fundi cherehani akishafunga duka, waliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia wakaketi wanne: Karani, fundi mwenyewe, dereva wa lori waliyemwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo, na muuguzi, binamu yake Karani. Kila mchezaji alikuwa mtu fulani ndani ya hadithi, akijiamulia la kufanya. Karani alieleza wanachokiona na kuwasemea watu wengine wote. Penye mashaka, dadu iliamua.

Wapo wasimulizi wanaokuja na mawazo machache tu, mengine wakayaokota mezani kwa wachezaji. Karani hakuthubutu. Aliandika kila kitu: nani atakutwa wapi, atasema nini, hata mvua itaanza lini. Safari hii alikuwa na bunda zima la kurasa, na zote zilisimama kwa mguu mmoja: bawabu mzee wa ngome angekufa kwa sumu, nao wangeapa kumlipia kisasi.

Bawabu akaanguka langoni kama ilivyoandikwa. Ila muuguzi hakuapa kitu. Ndani ya hadithi alikuwa na kichupa kimoja cha dawa, alichojitunzia tangu mchezo uanze. Akasema anamnywesha bawabu yote.

Breki akamwambia amechanganyikiwa, dawa yote kwa mlinda geti? Muuguzi akajibu taratibu kwamba wiki hiyo, wodini, alikuwa amefunika nyuso za kutosha.

"Angalau huyu nimtoe," alisema.

Karani alisikia sauti, hakusikia maneno. Macho yalikuwa kwenye ukurasa, kidole kikifuata mstari, akasoma: "Mnainamisha vichwa juu ya maiti ya bawabu."

"Maiti ya nani, Karani?" Breki akauliza. "Mzee wa watu bado anameza dawa, wewe ushamzika?"

Wakacheka, hata fundi. Kicheko hakikuwa na ubaya, lakini Karani alihisi uso wote unamwasha. Akasema haraka kwamba dadu itaamua: nne na kuendelea, bawabu anapona. Akairusha nyuma ya jalada gumu alilozoea kulisimamisha mbele yake ili wasichungulie kurasa.

Ikatua tano.

Akaliangalia lile bunda, jioni zake zote zile. Bawabu akifumbua macho ataulizwa nani kampa sumu, na jibu lake halikuandikwa popote.

"Mbili," akasema.

Muuguzi hakubisha. Aliegemea kiti, mikono mapajani, kama mtu aliyezoea kupoteza wagonjwa. Karani akasoma maiti, akasoma kilio, akasoma kiapo, sauti ikizidi kukonda. Alipofika penye njia panda akawauliza wanaelekea wapi.

"Tuambie wewe, mwanangu," fundi alisema bila kuinua uso, akiokota nyuzi kwenye ukingo wa meza. Alikuwa ameketi ubavuni mwa Karani, mahali ambapo jalada halikumficha mtu kitu. "Soma tu, utuambie tumekwenda wapi."

Hakusema kwa kejeli. Kejeli ingekuwa nafuu. Karani akatambua kwamba fundi ameona, na ameamua kumsitiri. Sitara ile ilimchoma kuliko kuumbuliwa. Tena alikuwa amepata alichokitaka: hapakuwa na wa kumvuruga. Watu wazima watatu walikaa mbele yake kama wanafunzi wanaongoja kengele. Wakiondoka hivi, Jumamosi ijayo kila mmoja atakuwa na udhuru wake, naye hakuwa na watu wengine wa kuzungumza nao, ila hawa na wale wa dirishani.

Akajaribu aya nyingine. Akaiacha katikati ya sentensi. Akalilaza jalada mezani. Dadu ilikuwa palepale, haijaguswa.

Muuguzi aliitazama kitambo. "Kumbe alipona," akasema.

"Alipona, dada. Sikujua angesema nini akiamka."

Karani akakaza macho kwenye nyuzi za fundi, machozi yakimlengalenga. Mwishowe Breki akakohoa.

"Sasa ameamka au hajaamka? Maana mimi nina swali naye. Mzee, nani kakunywesha hayo mambo?"

Wote wakamgeukia Karani. Kichwani mwake hamkuwa na kitu, ila mzee aliyelala chini na uchungu mdomoni.

"Anasema... anaomba viatu vyake kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Hataki kujibu akiwa pekupeku."

Breki akacheka. Fundi akasema mzee huyo ana heshima zake, akatangaza kuwa anakwenda kumtafutia viatu. Muuguzi hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua dadu, akaiweka mbele yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata muuguzi alikuja, na iliyofuata pia. Lakini dadu ilibaki upande wake wa meza. Ilipohitajika aliirusha mwenyewe, mahali pa wazi, akaisoma kwa sauti. Karani hakuwahi kuiomba.